Mbao za Ituri: kuagiza mti bila kuuona hakukuanza na simu

BUNIA – Fundi wa mbao wa Bunia anayetafuta libuyu au mvule kwa ajili ya mlango, kitanda au kabati hana tena lazima ya kupanda pikipiki hadi Komanda. Anafungua simu, anatazama picha katika kundi la WhatsApp, anauliza bei, anatuma sehemu ya pesa, kisha anasubiri lori. Mchuuzi wa Arua au Kampala naye anafanya vilevile. Wengi husema hii ni biashara mpya iliyoletwa na intaneti. Lakini ukifuatilia historia ya mbao katika jimbo letu, utaona kwamba mnunuzi amekuwa akiagiza mti asiouona kwa zaidi ya miaka mia moja. Barua ilitangulia simu, na komisioneri alitangulia kundi la WhatsApp. Swali moja ndilo limebaki bila jibu muda wote huo: mbao hii imetoka kwa nani, na nani alilipwa?

Mji wa nyasi unaotegemea msitu

Tuanze na ardhi yenyewe. Bunia haikai msituni. Mji huu uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya nyasi inayoteremka upande wa Ziwa Albert. Mti unaoota karibu ni mkaliptusi, ambao ulipandwa na watu. Unafaa kwa nguzo, paa na kuni, lakini fundi anayetaka kiti kitakachorithiwa na wajukuu hautaki sana, kwa sababu hupasuka na kujipinda. Miti ya thamani iko magharibi, kuanzia pembeni mwa Komanda, kilomita 75 hivi kutoka Bunia, kisha Lolwa, Mambasa, Biakato, Epulu na Niania. Kwa hiyo tangu mji ulipozaliwa, mbao ngumu za Bunia zimekuja kwa safari.

Mnunuzi mkubwa wa kwanza alikuwa mgodi. Uchimbaji wa dhahabu wa Kilo ulianza mwaka 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Dhahabu inahitaji miti kwa nguzo za kuzuia mashimo yasibomoke, madaraja, nyumba za wafanyakazi na kuni za moto. Ofisi iliandika oda, mkubwa wa serikali akaipeleka kwa mashefu, na mashefu wakatakiwa kutoa watu. Aliyeandika oda hakuona mti, na aliyeukata hakuiona oda. Kazi nyingi za wakati huo zilikuwa za lazima, na wazee wa Djugu na Irumu walisimulia habari hizo kwa watoto wao.

Kupasua mbao kulikuwa kazi ya watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo au juu ya vyuma vya miti, mmoja akasimama juu, mwenzake akaingia chini, na msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao. Wa juu aliongoza mstari. Wa chini alikula unga wa mbao machoni. Misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti nazo zilifundisha vijana useremala, kwa kuwa makanisa na shule zilihitaji mabenchi, milango na mapaa. Ufundi wa mbao wa mji huu una mizizi katika karakana hizo.

Mti mmoja, wenyewe wawili

Baada ya uhuru wa 1960, serikali ilitaka kushika ardhi iliyokuwa mikononi mwa makampuni ya kikoloni. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya Julai 1973, ziliweka udongo chini ya mamlaka ya Dola. Karatasini, msitu ukawa wa serikali. Kijijini, hakuna aliyeacha kujua kwamba kilima hiki ni cha ukoo fulani na kijito kile ni mpaka wa ukoo mwingine. Hapo ndipo fundo la biashara ya mbao lilipofungwa: mti mmoja ukawa na wenyewe wawili, mmoja mwenye muhuri na mwingine mwenye kaburi la babu yake chini ya kivuli chake.

Katika miaka ya mwisho ya Mobutu, barabara namba 4 kutoka Kisangani ilikuwa imeharibika vibaya. Lori liliweza kukwama matopeni kwa majuma. Kwa hiyo mti uliokatwa ulitoka karibu na njia, au haukutoka kabisa. Msitu wa Ituri ulikingwa na matope kuliko ulivyokingwa na sheria. Mwaka 1992 ilianzishwa Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye makao yake Epulu. Mwaka 1996 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia, na mwaka uliofuata ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu vita vilikuwa vimefika.

Vita na pesa za kutangulia

Kuanzia mwaka 1998, jeshi la Uganda lilipoingia Ituri, soko la mbao liligeuza uso. Mbao ambazo zamani zilitazama Kisangani au Bunia zikaanza kuelekea mashariki, kwa njia ya Kasindi, Mahagi na Aru. Mwezi wa Aprili 2001, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu uporaji wa mali ya Kongo, na mbao za upande wa Mambasa na Beni zilitajwa humo pamoja na dhahabu, koltani na kahawa. Serikali ya Uganda ilikataa lawama hizo na kuunda tume yake ya uchunguzi, iliyoongozwa na jaji David Porter.

Lakini kwa mtu wa kawaida, badiliko kubwa lilikuwa namna ya kulipa. Mchuuzi wa ng'ambo alimpa komisioneri wa Kongo pesa za kutangulia. Komisioneri akanunua mafuta, akakodi mashine ya msumeno, akamwendea shefu wa kimila, akalipia mti mmoja mmoja. Mashine hiyo moja ilipasua kwa siku kiasi ambacho watu wawili wa msumeno wa shimo wangekitolea jasho siku nyingi. Vijana walizibeba mbao kichwani hadi barabarani, wakilipwa kwa kila mbao. Huo ndio mtindo wa kuagiza kwa mbali tunaoujua leo: pesa mbele, mbao nyuma, na mnunuzi yuko upande mwingine wa mpaka. Kilichokosekana ni picha tu.

Vita vikiwa bado vinawaka, Kinshasa ilitoa Kodi ya Misitu, tarehe 29 Agosti 2002. Kanuni zilizofuata zilimtambua mkataji mdogo: awe Mkongomani, awe na kibali, akate katika eneo lisilozidi hekta 50. Kwa maandishi, jambo lilikuwa wazi. Kazini, watafiti wa misitu wameonyesha mara nyingi kwamba wakataji wadogo wa Kongo hutoa mbao nyingi kuliko makampuni makubwa, na kwamba sehemu kubwa ya mbao hizo husafiri bila kibali halali, ingawa hulipiwa pesa katika kila bariyeri. Mchuuzi analipa hapa, analipa pale, na bado hana karatasi inayosema mti ulisimama wapi.

Barabara, Juba, Nairobi na simu

Amani kiasi iliporudi baada ya 2003, mambo manne yalikutana. Barabara namba 4 ilitengenezwa na malori yakapita tena. Mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 ulifungua ujenzi wa Juba, na Ariwara na Arua zikawa karibu na soko lenye njaa ya mbao. Misitu ya asili ya Uganda ilikuwa imepungua, na Kenya ilizuia ukataji katika misitu yake ya umma mnamo Februari 2018, katazo lililodumu hadi 2023. Jambo la nne ni simu. Mitandao ilisambaa, M-Pesa ikaingia Kongo mwaka 2012, na pesa za kutangulia hazikuhitaji tena kushonwa ndani ya koti la dereva.

Faida ni ya kweli. Seremala mdogo asiye na mtaji wa safari anaweza kulinganisha bei za depo tatu kabla ya saa sita. Mama anayeuza mbao Komanda hahitaji kumsubiri komisioneri ampangie bei. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wengi wanatumaini kwamba mipaka italegea zaidi.

Hata hivyo picha ina mipaka yake. Haina uzito wala harufu. Mbao mbichi na mbao kavu zinafanana kwenye kioo cha simu, na mti mwekundu wa bei ndogo unaweza kupigwa picha jioni ukaonekana libuyu. Mafundi wana kanuni ya zamani: mbao ya unene wa inchi moja inataka karibu mwaka mzima kukauka kivulini, ikiwa imepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite. Mbao inayopasuliwa leo na kupakiwa kesho ndiyo mlango utakaogoma kufungwa wakati wa mvua. Mwenye nyumba atamlaumu fundi, wala hatamkumbuka aliyetuma picha.

Kile ambacho picha haisemi

Tangu 2021 swali la asili ya mbao limekuwa zito zaidi. Mashambulizi ya ADF yameenea Irumu na Mambasa, vijiji vimekimbiwa, malori yamechomwa moto barabarani, na safari za Komanda zimefanywa mara nyingi kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Msitu wa kijiji kilichokimbiwa hauna wa kuuliza. Mwenye mti yuko kambini, shefu yuko mjini kwa ndugu zake, na mashine ya msumeno haihitaji ruhusa ili iwake. Mbao ya namna hiyo ikifika Bunia inafanana kabisa na mbao iliyolipiwa kihalali, na picha yake ni nzuri vilevile. Ndivyo ilivyo pia kwa mbao iliyokatwa ndani ya Hifadhi ya Okapi.

Wakati huohuo dunia inaongeza masharti. Mwaka 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiweka miti ya Khaya ya Afrika, ambayo ni mojawapo ya mahogani zetu, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mpaka inatakiwa kuwa na kibali maalum. Mchuuzi asiyejua asili ya mzigo wake anajiweka mahali ambapo kila ofisa anaweza kumkamua.

Historia hii inatoa fundisho moja la kazi. Wakati wa oda za mgodi, mwenye kijiji hakuulizwa. Wakati wa pesa za kutangulia, aliulizwa bei tu. Simu ni chombo cha kwanza kinachomwezesha mnunuzi kuuliza zaidi bila kutoka nyumbani, kwa sababu kamera inayopiga picha ya mbao inaweza kupiga picha ya kibali pia. Mambo manne yanatosha kabla ya kutuma pesa: jina la mti na la kijiji ulikokatwa, kibali cha mkataji, chenye jina na mwaka unaosomeka, tarehe ya kupasuliwa, na makubaliano kwamba sehemu kubwa ya pesa italipwa mzigo ukishashushwa, kuhesabiwa na kupimwa. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa maswali hayo. Yule anayekasirika amekwisha kujibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ituri imeuza miti zaidi ya karne moja bila daftari, na hata leo mwenye kilima hawezi kusema ni mingapi imetoka kwake. Akianza kuandika, hata katika daftari la shule, jina la mkataji, idadi ya miti na tarehe, mnunuzi wa Bunia, wa Arua au wa Nairobi atakuwa na mahali pa kupiga simu kuuliza.