Bomba Lenye Mshono na Bomba Lisilo Nao

Mintarafu ya mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, hapa Lalago, wilayani Maswa, limezuka tena swali la siku nyingi, ambalo kila fundi bomba hulijibu kwa yakini yake: lipi la kuaminiwa, bomba la chuma la kuchomelewa au lile lisilo na mshono?

La mshono ndilo kongwe. Cornelius Whitehouse wa Wednesbury, Uingereza, alipata hataza mwaka 1825 ya kulivuta bamba lililopashwa moto hata kingo zake zikagandamana, na miji ikapata mabomba ya gesi ya taa.

Lile jingine lilizaliwa kwa ugomvi. Ndugu wawili wa Remscheid, Ujerumani, Reinhard na Max Mannesmann, wana wa mtengeneza tupa, walithibitisha mwaka 1885 kwamba mche wa chuma cha moto, ukizungushwa kwa nguvu baina ya magogo mawili ya chuma yaliyolazwa mshazari, hulegea moyoni na kufunguka, ukawa bomba bila ya kuungwa. Ajabu hiyo iliwavuta matajiri, Werner von Siemens akiwa miongoni mwao, hata mwaka 1890 ikaundwa kampuni mjini Berlin yenye rasilimali ya marki milioni 35. Lakini mabomba ya awali yalitoka mafupi na manene, na ijapokuwa ndugu hao walibuni kinu cha pili cha kuyarefusha, hasara ilikwisha watangulia, ghaidhi ikaingia baina yao na wenye mali, na mwaka 1893 wakaondoka katika uongozi wa kampuni iliyobeba jina lao. Naona hawakutendewa insafu, kwani sanaa ile ile ndiyo iliyoitajirisha kampuni baadaye.

Heshima ya bomba lao imeingia hata katika kanuni za Marekani za mabomba ya mvuke, ambazo hulihesabia nguvu kamili, ilhali lililounganishwa kwa tanuri hupewa asilimia 60, na la kuchomelewa kwa umeme 85. Kwa mvuke mkali ni haki yake. Kwa maji ya kijiji, la mshono latosha, tena ni nafuu, na bamba lake lina unene ulio sawa zaidi.

Wala shida ya maji hapa haikuanzia kwenye mshono. Maswa ilipokuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kati ya 1974 na 1978, Waholanzi walisaidia kuchimba visima vifupi vya pampu za mkono, na serikali ilikuwa imeahidi maji karibu na kila kaya ifikapo 1991. Simiyu, ambamo Maswa imo sasa, ikawa mkoa 2012. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaanzishwa 2019. Pampu nyingi za vijijini nchini zilizonyamaza katika miaka hiyo zilikosa vipuri na mtunzaji, wala mshono haukuwa na taksiri. Na katika bomba lenyewe, fundi akatapo nyuzi za kuungia huikwangua zinki inayolikinga, na hapo ndipo kutu huanzia. Ni aibu kwamba twabishana juu ya kiwanda, na kopo la rangi ya kuzipaka nyuzi hizo halinunuliwi.