Majina ya Mapango ya Pwani

Mara nyingi waalimu wenzetu hutuuliza: hadithi mbili zikisimuliwa juu ya jina la pango moja, ipi ndiyo ya kweli? Swali hili twataka kulijibu kwa kutazama mahali pawili.

Kwanza ni Shimoni, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, mkabala wa kisiwa cha Wasini. Wengi husema pameitwa hivyo kwa sababu watumwa walifungiwa katika pango la pale wakingoja vyombo. Wengine husimulia kwamba wenyeji walijificha humo wavamizi walipotoka bara. Tena kwamba ni mahali pa mzimu. Masimulizi haya hayapingani, maana pango moja laweza kuwa na kazi nyingi zamani mbalimbali. Lakini hakuna hata moja liwezalo kulileta jina kuwa shahidi wake. Jina ni shimo, likatiwa -ni ya mahali; lasema "penye shimo", basi. Kama waliopaita hivyo wangalitaka kuwataja watumwa, Kiswahili kisingaliwapungukia maneno.

Pili ni Mangapwani, Unguja, kaskazini ya mji. Hapa jina halitaji pango kabisa. Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa Omani. Ndipo twasema Mmanga na pilipili manga. Nalo jina hili hufunika mahali pawili palipo mbalimbali: pango la asili lenye maji matamu, ambalo husimuliwa kwamba lilijulikana kwa ajili ya mbuzi aliyepotea, na chumba kilichochongwa katika mwamba, kikaezekwa. Watu huviita vyote viwili mapango, na hivyo hadithi ya kimoja huhamia kwa cha pili. Lakini pango halikuchimbwa na mtu. Kilichochimbwa ni handaki. Na handaki lina sababu yake. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa siku ile, bali ilijificha, na aliyefichwa huhitaji mahali pa kufichwa.

Basi yatupasa kuuliza mambo matatu kwa mfuatano: neno lenyewe lasema nini, mahali penyewe pakoje, na masimulizi yatoka kwa nani na ya zamani zipi. Atakayechanganya hayo atawafundisha watoto kwamba jina limethibitisha jambo ambalo halikulitaja. Siku mtoto atakapojua maana ya Shimoni, huenda akadhani kwamba na habari za watumwa zilikuwa uongo. Hiyo ndiyo hasara kubwa. Waliofungwa wanastahili ushahidi ulio imara: mikataba, majengo, na vinywa vya wajukuu wao. Jina tuliache liseme neno lake, tusilibebeshe mzigo usio wake.