Kibera Imezungukwa na Vitu vya Kuchezea vya Wazee

Wiki mbili zilizopita niliposti klipu ya jirani yangu hapa Silanga. Ni fundi wa bomba, ana kama miaka arobaini na saba, na alikuwa amejinunulia baiskeli ya mashindano pale Toi, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Na kaptura ya kubana juu yake. Nikaandika, "Balehe ya pili imefika mtaani," nikalala.

Kuamka, komenti zimejaa. Mmoja anasema mzee wa umri huo anunue shamba. Mwingine anasema ng'ombe. Mwingine: "Buda, wewe ni wa koti na gazeti." Nilicheka, si ni views.

Jioni akanipata kwa kibanda cha chapo. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Aliniuliza tu, "Sasa kijana wangu, wewe ulitaka ninunue nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na limenirudisha nyuma kuliko nilivyodhani.

Hiyo orodha ya vitu vya mzee ni ya kitambo sana, lakini zamani ilikuwa inasomwa kinyume na vile sisi tunaisoma. Ilikuwa inakuambia unapata nini ukizeeka. Jomo Kenyatta, kabla hajawa rais, aliandika kitabu kuhusu Wagikuyu, Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Anaeleza mle kwamba mwanaume alikuwa akilipa mbuzi ndio apande ngazi za kiama, na mtoto wake akikaribia kutahiriwa, baba naye alipanda. Alipewa fimbo na majani ya matathi ya kushika mkononi. Yaani umri ulikuwa na risiti. Kwa Wajaluo, wazee waliketi kwa chungu kimoja cha pombe, kila mtu na oseke yake, ule mrija mrefu, na kijana hangechomeka wake pale. Kwa Wamaasai, moran ananyolewa zile nywele ndefu kwenye sherehe ya eunoto, analia kweli, halafu polepole anaingia kwa maisha ya kigoda na tumbaku ya kunusa. Lamu mzee alikuwa na bakora yake, baraza yake na bao lake. Hakuna mahali hapo mtu wa miaka arobaini na saba aliambiwa tu "acha hiki, acha kile." Aliachishwa kimoja, akapewa kingine.

Halafu Nairobi ikaja.

Hapa ndipo tumetoka sisi wa Kibra. Msitu huu walipewa askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Wanaume wazima, wamepigania Waingereza, wengine na familia. Na askari wa jeshi hilo kwa miaka mingi walivaa kaptura na kutembea peku. Ukiwaza vizuri, ile aibu tunayoona mzee akivaa kaptura huenda haikutoka kwa babu zetu, maana babu wa babu yangu hakuwa na suruali ya kulinganisha. Kaptura ilikuwa sare ya mtu wa kuamrishwa. Mpishi wa miaka hamsini kule Kilimani aliitwa "boy," na aliitika. Kuanzia miaka ya 1920 kila mwanaume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kisanduku cha chuma. Hicho ndicho kitu ambacho serikali ilihakikisha kila mwanaume anamiliki. Hakikuwa na cha ujana wala cha uzee. Wa miaka kumi na sita na wa miaka hamsini walining'iniza kitu kimoja.

Mshahara nao ulikuwa vilevile. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter iliangalia mishahara ya Waafrika mjini ikaona imepimwa kwa mahitaji ya mwanaume asiye na familia. Fikiria hiyo. Una watoto watano ushago na mji unakulipa kama kijana wa juzi. Ndio maana vitu vya uzee vikabaki ushago: kigoda, ng'ombe, boma. Nairobi mtu alikuwa na kitanda na sanduku chini yake. Akibahatika, baiskeli ya Black Mamba, na hiyo ilikuwa ya kazi.

Sasa chukua ramani, hii ndiyo sehemu imeninyima usingizi. Upande mmoja wa Kibera kuna Royal Nairobi Golf Club, ilianza 1906, ikapewa hilo jina la kifalme na George wa Tano mwaka 1935. Ukifuata Ngong Road kuelekea Karen unafika uwanja wa mbio za farasi, umekuwa pale tangu 1954. Na huku chini kwetu kuna Nairobi Dam, bwawa lenyewe. Silanga maana yake ni bwawa, muulize Mkamba yeyote. Leo ni gugu maji na takataka, watu wanalima nduma mahali palikuwa na kina. Lakini wazungu walikuwa na klabu ya mashua hapo. Wikendi mtu wa makamo, pengine karani mkubwa wa benki, anavua koti, anavaa kaptura, anaingia kwa kimashua chenye tanga, anazunguka maji. Haendi popote. Hasafirishi samaki. Anacheza tu.

Gofu, farasi, mashua. Kibera imezungukwa na vitu vya kuchezea vya wanaume wa makamo, na wakati wa ukoloni babu zetu waliingia humo kubeba vijiti vya gofu, kuosha farasi na kuvuta mashua nchi kavu. Mwenye mashua alikuwa na miaka hamsini akaitwa bwana. Mwenye kuvuta kamba alikuwa na miaka hamsini pia.

Hakuna mzungu aliambiwa ana balehe ya pili.

Baada ya uhuru, wazee wetu walipata redio. Hii naisema haraka kwa sababu kila mmoja wenu ana hadithi ya redio ya guka ambayo haikuguswa. Cha kuchekesha ni kwamba ndani ya hiyo redio, tangu 1966, Leonard Mambo Mbotela alikuwa anauliza kila wiki, "Je, huu ni ungwana?" Nchi nzima ilikaa ikifikiria nini kinafaa na nini hakifai. Na hapa mtaani kulikuwa na drafti, bado ipo, ubao na vizibo vya soda. Hatuwacheki wazee wa drafti. Nadhani ni kwa sababu wameketi. Sisi tunamsamehe mzee akicheza bora asisonge.

Jumamosi nenda Karura uone. Wanaume wa miaka hamsini juu ya baiskeli za bei ya gari kuukuu, kaptura za kubana, miwani ya rangi, na hakuna anayewachukua video ya kuwacheka. Tunaita hiyo kujitunza. Ya fundi wa bomba, elfu chache za mtumba, tunaita aibu. Niliiita mimi, tena nikaiwekea muziki.

Nimeitoa klipu. Najua mnazo tayari kwa simu, kwa hivyo hata hiyo sio kitu. Nilimpitia kumwambia, akanikaribisha ndani. Ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, watu watano. Baiskeli haina pa kuegemea, na ukiiacha nje haitaamka. Ameitundika ukutani kwa misumari miwili, juu ya kitanda cha watoto, gurudumu la mbele karibu liguse bati. Mdogo wake wa mwisho alikuwa amelala chali anazungusha pedeli kwa kidole cha mguu. Aliniuliza kama najua mtu anauza pampu ya mkono, ya bei poa.

Kama unajua, niandikie.