Mabishano ya Mvua: Historia ya Utabiri wa Hali ya Hewa katika Nchi ya Itigi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa reli ya kati huvuka mbuga ya Bahi, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Saranda, akapita Manyoni, kisha akafika Itigi, juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe si mkubwa, lakini jina lake limeenea katika vitabu vya elimu ya mimea, kwa sababu vichaka vizito vilivyouzunguka, ambavyo hukauka kabisa wakati wa kiangazi na kuchanua mara mvua inapogusa ardhi, huitwa na wataalamu vichaka vya Itigi. Mashariki yake ni nchi ya Wagogo, kaskazini ni ya Wanyaturu, kusini ni ya Wakimbu, na magharibi huanza Unyamwezi. Makabila hayo yana lugha mbalimbali na mila mbalimbali, walakini yote yameishi chini ya sheria moja isiyobadilika, nayo ni ya mvua.

Watu wa pwani wana masika na vuli. Akikosa huku hupata kule. Mkulima wa Itigi hana ila msimu mmoja, uanzao Novemba na kwisha Aprili, nao humletea baina ya milimita 500 na 700 za mvua kwa mwaka. Tena mvua hiyo haiji kwa mpango. Huenda ikanyesha kwa nguvu mwezi wa Desemba, mbegu zikaota vizuri, kisha Januari au Februari mbingu zikafunga kwa majuma mawili au matatu, na mimea ikanyauka kabla ya kutoa mashuke. Kwa hiyo, ikiwa watu wa Ulaya na Marekani wapendao mambo ya hewa hubishana kila mwaka kama dhoruba ya theluji itafika au itapita kando, watu wa nchi hii wamebishana tangu zamani juu ya jambo jingine: mvua hii ya kwanza ni ya kupandia, au ni ya kudanganya? Mwenye kupanda mapema hupoteza mbegu. Mwenye kuchelewa hupoteza msimu. Hapana mabishano ya hali ya hewa yaliyo na gharama kubwa kwa mtu maskini kuliko hayo.

Lugha yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Neno utabiri, ambalo leo husikika redioni kila jioni, asili yake ni Kiarabu, nalo lilihusu kufasiri ndoto. Bashiri ni kutoa habari ya jambo lijalo, hasa habari njema. Agua ni kazi ya mganga mwenye ramli, na kisia ni kazi ya mtu yeyote mwenye akili. Maneno manne hayo hayalingani, kwa maana kila moja lina daraja yake ya yakini na namna yake ya kuwajibika. Wataalamu wa hewa walipochagua neno utabiri, walirithi pamoja nalo matarajio ya watu waliozoea kwamba mtabiri ama amesema kweli, ama amesema uongo. Mengi ya mabishano yaliyofuata yametoka katika urithi huo.

Katika Ugogo wa kale kazi ya mvua ilikuwa ya mtemi. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliandika habari za watemi na mila za watu wake katika kitabu chake cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1954, na Peter Rigby, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi kila nchi ndogo ilivyokuwa na mtemi wake mwenye mawe ya mvua, ambaye aliwaendea waganga kutaka shauri, na ambaye ndiye aliyefungua msimu wa kupanda. Yafaa kutambua kwamba mtemi hakuwa mtabiri tu. Alidhaniwa kuwa na sehemu katika kuileta mvua yenyewe. Basi mvua ilipokawia, lawama ilimwelekea yeye. Heshima yake na hatari yake vilitoka katika chemchemi moja.

Kando ya elimu hiyo ya watemi palikuwa na elimu nyingine isiyo na mwenyewe. Wazee walitazama mibuyu ilivyochipua, miti ya matunda ilivyochanua, upepo ulivyogeuka, mchwa walivyotoka, ndege wageni walivyofika, na duara lilivyozunguka mwezi. Dalili hizo zilikuwa wazi kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa na haki ya kubisha. Mmoja alisema mbuyu umechipua mapema. Mwingine akajibu kwamba upepo bado. Huko pwani nako manahodha na wakulima walikuwa na hesabu yao ya mwaka wa jua ulioanza Nairuzi, wakiugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, wapate kujua wakati wa kaskazi na wa kusi. Si kweli, basi, kwamba elimu ya hewa ililetwa katika nchi hizi na wageni. Walicholeta wageni ni kipimo, maandishi na simu.

Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pamoja na reli zilikuja njia za simu, na kwa mara ya kwanza habari ya mvua iliweza kwenda mbele ya mvua yenyewe. Lakini kabla watu hawajafaidi jambo hilo, vita vya mwaka 1914 vilifika. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana baadaye, hapakuwa na akiba ghalani wala ng'ombe wa kuuza. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliita Mtunya, ilidumu hadi mwaka 1920, na inakadiriwa kuwa watu 30,000 hivi walikufa. Mwanahistoria Gregory Maddox ameonyesha kwamba vita na kunyang'anywa vilikuwa sehemu kubwa ya msiba huo. Ukame ulikuwa umekuja mara nyingi kabla ya hapo bila ya kuua watu kiasi hicho. Ni somo linalofaa kushikwa na kila anayeandika habari za utabiri: mtu mwenye akiba aweza kustahimili utabiri mbaya, na asiye na akiba haponywi hata na utabiri ulio sahihi.

Mwaka 1929 Waingereza walianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter, aliyetoka Mauritius, ambako alikuwa amechunguza uhusiano wa hali ya hewa na mavuno ya miwa. Walter alikuwa mtu wa hesabu, aliyeamini kwamba tarakimu za miaka mingi zingeweza kumfaa mkulima. Hata hivyo haja iliyosukuma idara ilikuwa zaidi ya ndege kuliko ya mashamba. Njia ya ndege za Imperial Airways kwenda Cape Town ilifunguliwa mwaka 1932, nayo ilipita Dodoma na Mbeya. Rubani alitaka kujua mawingu ya leo na ya kesho. Mkulima alitaka kujua miezi mitano ijayo. Elimu ikakua upande wa rubani, na swali la mkulima likangoja.

Gharama ya kungoja huko ilionekana baada ya vita vya pili. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa majuma machache tu, nao ukashauri kulima karanga katika eneo la ekari milioni 3.2, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mashamba ya kwanza yaliwekwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mengine yakawekwa Urambo, magharibi ya Tabora, na mengine Nachingwea. Itigi ilikuwa katikati ya Kongwa na Urambo, kwenye reli ile ile. Takwimu za mvua za Kongwa zilikuwa chache, na waliozitumia waliridhika na wastani. Lakini wastani hauoti shambani. Mvua ilikosekana wakati ilipohitajika, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga hazikung'oka. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua tabia ya nchi yao. Lakini elimu yao haikuwa katika tarakimu, na mpango haukuwa na mahali pa kuiweka. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Ukilinganishwa na mtemi wa kale, mkasa wa Kongwa unafundisha jambo. Mtemi aliyekosea alikaa na waliolala njaa. Waliokosea Kongwa walipanda meli wakaenda zao, na fedha zililipwa na watu wa mbali. Katika mabishano yote ya hali ya hewa, swali la kwanza huwa nani anajua. Lakini swali lililo zito zaidi ni nani atakayelipa.

Baada ya uhuru idara iliendelea kuwa ya nchi tatu pamoja, hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Tanzania ikawa na idara yake, iliyofanywa wakala mwaka 1999, na mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2019. Wakati huo huo elimu yenyewe ilibadilika. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilipoharibu mashamba, barabara na reli, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki walikutana Nairobi Februari 1998, wakaanza desturi ya kutoa pamoja mwelekeo wa mvua za msimu. Mwelekeo huo husema kuna uwezekano fulani wa mvua kuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini ya wastani. Hausemi mvua itanyesha Jumanne. Hapo ndipo neno utabiri lilipoanza kumwelemea mwenyewe: mtaalamu alitoa kipimo cha shaka, na msikilizaji akapokea ahadi.

Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha jinsi tofauti hiyo inavyogharimu. Aprili 2021 watu wa pwani ya Tanzania walionywa juu ya kimbunga Jobo. Kikadhoofika baharini kabla ya kufika, na wengi wakaicheka Mamlaka. Mei 2024 onyo lilitolewa tena juu ya kimbunga Hidaya, nacho kikafika Mafia tarehe 4. Agosti 2023 Mamlaka ilitangaza kwamba mvua za vuli zingezidi wastani kwa sababu ya El Niño. Katika Kenya, mwezi wa Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Niño ya maangamizi haitakuwapo tena. Majuma machache baadaye mafuriko yakaua zaidi ya watu 100. Tarehe 3 Desemba mwaka huo huo tope na mawe ya mlima Hanang vilishuka juu ya mji wa Katesh, kaskazini-mashariki ya Singida, vikaua watu zaidi ya 80. Onyo lisilotimia huleta kicheko, na kicheko hicho hudhoofisha onyo lifuatalo.

Wako waliojaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, Pius Yanda na James Ngana walichapisha utafiti juu ya dalili za asili za mvua zitumiwazo na wakulima wa nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania. Katika Kenya ya magharibi wazee wa ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa elimu ya mvua, walikaa meza moja na wataalamu wa serikali, wakalinganisha dalili zao na picha za setilaiti, kisha wakatoa neno moja kwa watu. Si kwamba elimu mbili hizo ni sawa. Setilaiti huona joto la Bahari ya Hindi, ambalo mbuyu hauoni; nao mzee hujua bonde lile moja, ambalo ramani ya nchi nzima hulipita. Tena mabadiliko ya tabianchi yamevuruga dalili zote mbili: tarakimu za miaka iliyopita hazimwongozi mwenye hesabu kama zamani, na maua ya mwembe hayamwongozi mzee.

Kila Novemba, basi, mawingu yakusanyikapo juu ya vichaka vya Itigi, mabishano huanza upya. Redio ina neno lake, wazee wana lao, na vijana wana simu zao. Mkulima husikiliza wote. Kisha hugawa mbegu yake: nyingine huitia ardhini kwa mvua ya kwanza, nyingine huiweka kwa mvua ya pili, penye mahindi huongeza mtama au uwele, vistahimilivu vya jua. Wasiomjua humwita mtu asiyeamini sayansi, au mtu asiyeacha mila. Kwa hakika yeye ndiye aliyeuelewa utabiri kuliko wote, kwa kuwa amepokea shaka kama shaka, akaipimia mbegu.