Masaa Manane

Reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Februari 1916 Waingereza walishindwa kilimani Salaita, lakini katika vita vile vya Afrika Mashariki mbu aliwaangusha askari wengi kuliko risasi. Dawa ya malaria ilikuwa kwinini, chungu kama shubiri. Askari hakuhitaji maelezo: aliamriwa, akameza.

Mgonjwa wa nyumbani hana sajini. Lazima aelezwe, na kueleza hakukuhesabiwa kuwa elimu. Mafunzo ya watumishi wa afya yaliyoanza Nairobi mwaka 1927 ndiyo yaliyozaa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, ambacho leo kina kampasi hapa Voi. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha famasia mwaka 1974. Mwanafunzi alizijua dawa barabara. Namna ya kumfunza mtu mwingine aliiokota kwenye dirisha la kutolea dawa, kwa kumtazama mkubwa wake.

Enzi za klorokwini, dawa nyingine ya malaria, mambo yalikwenda, maana kila nyumba iliizoea. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha ikashika dawa iitwayo SP, dozi moja tu, basi. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto iitwayo AL: dozi sita kwa siku tatu, imezwe na chakula chenye mafuta au maziwa, na dozi ya pili ifuate ya kwanza baada ya saa nane.

Hapo ndipo penye mtego. Mama wa Mwatate aliyemeza saa nne asubuhi akiambiwa “saa nane” atameza saa nane mchana, kumbe zamu yake ni saa kumi na mbili jioni. Walimu wa sarufi huchukia “masaa manane”. Dirishani, mimi niko upande wa masaa, maana hayachanganywi na saa ya ukutani.

Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Lee Shulman, aliandika kwamba mwalimu ana ujuzi wa aina yake: kujua somo linamkwamisha wapi anayejifunza. Waliotengeneza pakiti za AL waliuelewa ujuzi huo. Walizipa rangi nne kwa kufuata uzito, ya njano kwa watoto wadogo kabisa, ya kijani kwa watu wazima.

Lakini rangi haisemi saa. Kwa hiyo mkufunzi mzuri humzuia mwanagenzi asiulize “umeelewa?”, kwani jibu ni ndiyo siku zote. Humfundisha kuuliza: “Mama, ukifika nyumbani, ya pili utameza saa ngapi?” Kisha anyamaze, asubiri.