Karatasi za Nyumba ya Kupanga mjini Same: Kutoka Kodi ya Kibanda hadi Mita ya LUKU

Mtungi wa gesi unaopikia katika vyumba vya kupanga vya mji wa Same, na katika vituo vya biashara vya milimani na tambarare kama Mamba, Suji na Gonja Maore, ni mali ya mpangaji: huununua yeye, huujaza yeye, na siku ya kuhama huupakia pamoja na godoro na vyombo vyake, wala mwenye nyumba haulizwi neno juu yake. Umeme hauko hivyo, kwa kuwa nyaya zimefukiwa ukutani, mita imefungwa mahali pamoja, na jina lililoandikwa katika maombi ya kuunganishiwa ni la mwenye nyumba, hata kama hajawahi kulala humo usiku mmoja. Tofauti hiyo kati ya kinachohama na mtu na kinachobaki na nyumba ndiyo inayoeleza kwa nini maswali ya nani atunze cheti cha nani yamejikusanya kwenye nyaya na kuuacha mtungi. Hata hivyo, ukifuatwa mwendo wa karatasi zilizoiandama nyumba katika nchi ya Upare kwa zaidi ya miaka 120, inaonekana wazi kwamba nyingi zilitungwa ili kuchukua fedha kutoka katika nyumba, na chache mno kwa ajili ya usalama wa anayelala ndani yake.

Mwanzo wa mwendo huo ni amri ya kodi ya vibanda, ambayo serikali ya Wajerumani iliitoa mwaka 1897 na kuanza kuitekeleza mwaka uliofuata. Kwa amri hiyo kibanda, yaani nyumba ya kawaida ya mtu wa kijijini, kilifanywa kipimo cha kodi ya rupia 3 kwa mwaka, na aliyekosa fedha aliweza kutumikishwa kazi badala yake. Mtawala hakupima ubora wa paa wala uimara wa kuta. Alihesabu vibanda, na mwenye wake wawili walioishi katika nyumba mbili alihesabiwa mara mbili. Wakati huohuo reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa ikisogea kaskazini chini ya milima, ikafika Moshi mwaka 1911, na Same ikawa mojawapo ya stesheni zake. Katika mji wa stesheni waliishi watu walio mbali na mashamba ya koo zao: vibarua wa reli, makarani, askari na wachuuzi. Watu wa namna hiyo hawajengi kwanza, bali hupanga, na kwa hiyo nyumba ambayo milimani ilikuwa makao ya ukoo ilianza kuwa, huku chini, chanzo cha mapato.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani, waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa, lakini jaribio lao lililoacha alama kubwa zaidi Upare lilikuwa la miaka ya 1940, pale kodi ya kiwango kimoja kwa wote ilipoongezewa kodi ya kupanda kulingana na mali na kipato cha kila mtu, ile iliyojulikana kwa jina la mbiru. Kodi ya namna hiyo haiwezi kutozwa bila makadirio, na makadirio hayawezi kufanyika bila mtu kuingia katika boma la mwingine, kutazama mifugo na mazao yake, kisha kuandika tarakimu. Wapare waliikataa. Januari 1945 maelfu yao waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kumtaka mtawala aiondoe, na mgogoro ukaendelea, huku wanawake nao wakiingia katika maandamano, mpaka utaratibu huo ulipoachwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka katika milima hiyohiyo, aliuandikia mgogoro huo kitabu kilichochapishwa mwaka 1971. Kinachostahili kukaziwa hapa ni kwamba wale waandamanaji hawakuwa watu wasiolipa kodi. Walikuwa walipaji waliokuwa tayari kutoa kiwango kinachojulikana, na walichokipinga ni tarakimu iliyoandikwa na mtu mwingine juu ya mali yao. Hilo ni dai la haki ya kuijua karatasi inayokuhusu, na thamani yake ni kubwa kuliko linavyopewa katika masimulizi ya kawaida, ambamo mbiru hutajwa kama sura fupi tu ya kuelekea uhuru.

Baada ya uhuru, sheria ilimgeukia mwenye nyumba moja kwa moja. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1962 iliweka mipaka ya kiasi anachoweza kudai na sababu zinazomruhusu kumtoa mpangaji, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Azimio la Arusha la Februari 1967 likaenda mbele zaidi kwa kumkataza kiongozi wa Chama au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, kisha mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ikayaweka mikononi mwa Serikali majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Same haikuwa na maghorofa ya Dar es Salaam au Tanga, na athari kubwa ya hatua hizo huku ilitokana zaidi na katazo la Azimio, kwa sababu katika mji mdogo wa wilaya mwenye uwezo wa kujenga nyumba ya pili mara nyingi alikuwa mtumishi wa umma. Katazo hilo lililegezwa mwaka 1991 kwa uamuzi uliotolewa Zanzibar, na tangu hapo vyumba vya kupangisha vimeongezeka kandokando ya barabara kuu na kupanda kuelekea mlimani.

Kati ya hayo ilitungwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, iliyoanzisha Mabaraza ya Nyumba ya Mikoa pamoja na baraza la rufaa. Kwa mpangaji wa Gonja au Chome ambaye bati la chumba chake lilivuja, mlango wa haki ulikuwa katika ngazi ya mkoa, na makao makuu ya mkoa yako Moshi, safari ya takriban kilomita 100 kutoka Same peke yake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na udhibiti wa kiasi cha kodi ukaondoka nayo. Ndiyo maana kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo limekuwa jambo la kawaida. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, na ambayo sehemu yake kuhusu pango haijulikani vya kutosha. Sheria hiyo inaorodhesha masharti yanayohesabiwa kuwamo katika kila mkataba wa pango hata kama wahusika hawakuyaandika, na miongoni mwake ni kwamba mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo atatunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na mitambo inayotumiwa kwa pamoja, na kwamba nyumba au chumba cha kuishi kitakuwa, na kitaendelea kuwa, mahali panapofaa kukaliwa na binadamu. Vyombo vya kusikiliza migogoro navyo vilisogezwa karibu: kutokana na sheria ya mwaka 2002 yaliundwa Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, na Same ina lake.

Sharti la mahali panapofaa kukaliwa ni pana, na upana wake ndio udhaifu wake, kwa sababu halisemi ni karatasi gani itathibitisha kwamba nyaya za chumba ni salama. Swali hili lina uzito Same kuliko mtu anavyodhani. Umeme wa maji ulizalishwa jirani mapema, ukiwamo wa Hale, ambako mtambo wa megawati 21 ulianza kazi mwaka 1964, na wa Nyumba ya Mungu, bwawa lililo magharibi ya milima ya Upare, lenye mtambo wa megawati 8. Na njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Hale hupita Same kwenda Kiyungi karibu na Moshi. Kuingia kwa umeme huo katika vijiji vya milimani kulisubiri muda mrefu, hadi Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007 ulipopeleka nguzo, na mwanakijiji akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Nyumba nyingi za huko zilikwisha kujengwa na kupigwa lipu kabla ya mtu kufikiria waya utapita wapi, na wayaringi, yaani kazi ya kutandaza nyaya, soketi na swichi ndani ya nyumba, ikafanywa juu ya kuta na katikati ya mbao za dari.

Utaratibu wa maombi unadai kwamba wayaringi ifanywe na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ambayo hutoa leseni hizo kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na kwamba mchoro wa wayaringi uliogongwa muhuri uambatanishwe na fomu inayopelekwa kwa shirika la umeme, TANESCO. Mchoro huo, unaoonyesha kila taa, kila soketi, sakiti breka na waya wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kumpitia mtu, ndiyo karatasi pekee katika historia yote hii iliyotungwa kwa ajili ya uhai wa mkaaji. Lakini hutengenezwa mara moja tu, siku ya maombi. Miaka kumi baadaye, baada ya mwenye nyumba kuongeza vyumba viwili uani kwa waya uliounganishwa kutoka soketi ya sebuleni, na baada ya mpangaji wa Chome, ambako baridi ya asubuhi humlazimu mtu kuoga maji ya moto, kuanza kutumbukiza hita ndani ya ndoo, mchoro ule haufanani tena na nyumba, na hakuna anayeulizwa. Nyumba ndogo za chumba kimoja au viwili zilizounganishwa kwa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachobeba soketi na swichi pamoja, ziliondolewa hata hatua ya wayaringi. Huo ulikuwa msaada mkubwa kwa maskini, ingawa hita ya ndoo haikuwa mzigo uliokusudiwa kwa kifaa hicho.

Uingereza ilifikia njia nyingine kwa sababu ya gesi na kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 16 Mei 1968 gesi iliyovuja kwenye kiungo cha jiko ililipuka katika jengo refu la Ronan Point, mashariki mwa London, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Usajili wa mafundi wa gesi, uliokuwa wa hiari kuanzia mwaka 1970, ukawa wa lazima mwaka 1991, na kanuni za mwaka 1998 zikamtaka mwenye nyumba kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila baada ya miezi 12 na fundi aliyesajiliwa, kumpa mpangaji nakala ya ukaguzi ndani ya siku 28, na kuitunza kwa miaka miwili. Boila mpya, yaani mtambo wa ukutani unaopasha maji na nyumba, nayo hutolewa taarifa kwa mamlaka ya eneo ndani ya siku 30 tangu kufungwa. Fundisho la kuchukuliwa huko halihusu boila, kifaa ambacho Same haikihitaji, bali ni mambo mawili ya kawaida kabisa: kwamba ukaguzi hurudiwa, na kwamba nakala humfikia mpangaji mkononi.

Same, nakala inayomfikia mpangaji ni ile ya kulipa. Mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, hutambuliwa kwa namba yenye tarakimu 11, na kila anayenunua umeme hupokea tokeni ya tarakimu 20. Katika nyumba ya vyumba sita vyenye korido katikati, mita huwa moja, na wapangaji huchangishana. Kuchangia mita moja kuna hasara isiyoonekana kwa macho, kwani punguzo la bei kwa mtumiaji mdogo liliwekwa kwa asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na kaya sita zilizo nyuma ya mita moja huvuka kiwango hicho kwa urahisi, kila moja ikilipa kama tajiri ingawa matumizi yake peke yake ni ya taa tatu na redio. Agosti 2021 kodi ya majengo nayo ikaingizwa katika malipo ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo, na mpangaji aliyekatwa anastahili kufidiwa katika pango. Lakini kudai shilingi 1,500 kutoka kwa mtu anayeweza kukuambia uhame ni kazi ngumu, na wengi huacha. Ni vigumu kutokumbuka waliopiga kambi mjini humo mwaka 1945, ingawa safari hii tarakimu inajulikana na kinachofichika ni mlipaji.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na majiko ya umeme ni sehemu ya mpango huo. Jiko la umeme huvuta umeme mwingi kuliko taa na redio za vyumba vyote sita, na hupitia nyaya zilezile ambazo mchoro wake uko katika faili la maombi kwa jina la mwenye nyumba. Mkataba wa pango unaoandikwa kwa kawaida katika wilaya hiyo, ukurasa mmoja wenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, hutaja kiasi cha kodi, muda, na notisi ya kuhama, na kuhusu umeme husema tu kwamba wapangaji watachangia. Hakuna sheria inayozuia ukurasa huohuo kuambatanishwa na nakala ya mchoro wa wayaringi, tarehe ya mara ya mwisho fundi mwenye leseni alipozikagua nyaya, na sentensi inayosema kodi ya majengo iliyokatwa kwenye LUKU itatolewa katika pango la mwezi unaofuata.