Kuzoea macho yako baada ya kuwekewa pete za konea

Umefanyiwa upasuaji wa kuwekewa pete kwenye konea kwa sababu ya keratokonasi, na sasa uko nyumbani. Asubuhi unaona vizuri kiasi, jioni ukungu umerudi. Taa za gari zinatoa miale mirefu. Herufi kwenye simu zina kivuli pembeni. Unajiuliza kama upasuaji umeshindikana.

Mara nyingi haujashindikana. Yapo mabadiliko yanayotarajiwa ambayo hupita yenyewe, yapo yanayobaki na ambayo mtu huyazoea, na yapo machache yanayokutaka uende hospitali siku hiyohiyo. Kuyatofautisha ni muhimu, kwa sababu mtu anayedhani upasuaji umeharibika ndiye anayeacha dawa, anayekimbilia kununua miwani mapema, au anayeacha kwenda kliniki na kupoteza jicho ambalo lingeweza kusaidiwa.

Pete zimefanya nini ndani ya jicho

Konea ni kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho. Kikiwa kizima kina umbo la mviringo, kama kioo cha saa ya mkononi. Kwenye keratokonasi, konea huwa nyembamba na kuanza kuchongoka kwenda mbele kama pia. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe na huweza kuendelea hadi miaka ya thelathini. Mwanga unaopita kwenye konea iliyochongoka haukutani mahali pamoja nyuma ya jicho, ndiyo maana mtu huona kitu kimoja kama viwili au vitatu hata akifumba jicho jingine.

Pete ulizowekewa ni vipande vidogo vyenye umbo la upinde, kimoja au viwili, na unene wake hauzidi nusu milimita. Daktari ametengeneza njia ndogo ndani ya unene wa konea, kwa kifaa cha mkono au kwa leza, akavipitisha humo. Vinazunguka mboni, havikai mbele yake. Fikiria shuka lililolegea katikati ya kitanda: ukichomeka kitu pembeni, katikati pananyooka. Ndivyo pete zinavyopunguza mchongoko wa konea.

Watu wengi huuliza kama mwili utaikataa plastiki hiyo. Pete nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu ya jamii ileile iliyotumika kwenye lenzi ya kwanza ya bandia aliyoiweka Dkt. Harold Ridley ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho, London, mwaka 1949. Alipata wazo hilo baada ya kuona marubani wa vita waliokuwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege ndani ya macho, na macho yao yalikuwa yametulia. Kwa hiyo plastiki hii ina historia ndefu ndani ya jicho la binadamu. Si chuma, na haivutwi na sumaku.

Mambo mawili pete hazifanyi

Haziondoi haja ya miwani. Lengo la upasuaji huu ni konea iwe na umbo linalosaidika, ili miwani au lenzi za kuvaa jichoni zifanye kazi vizuri kuliko awali. Wapo wanaoishia kuona vya kutosha bila miwani, lakini usijiwekee hilo kama kipimo. Hapa ndipo ninapoona watu wanaumia moyo. Familia imechanga, pengine mbuzi au shamba limeuzwa, halafu wiki ya tatu shangazi anauliza, “Mbona bado unavaa miwani?” Waeleze mapema, ikiwezekana kabla ya upasuaji, kwamba miwani baada ya pete ni sehemu ya matibabu.

Pia pete hazizuii ugonjwa kuendelea. Kazi hiyo hufanywa na matibabu mengine ya kukaza konea, ambapo jicho huwekewa matone ya vitamini B2 kisha kumulikwa kwa miale ya urujuanimno. Wengine hufanyiwa yote mawili, wengine moja tu, kutegemea umri na kama ugonjwa bado unasonga. Kama hukuelezwa lolote kuhusu kukaza konea, uliza kwenye mahudhurio yako yajayo, hasa ukiwa na umri chini ya miaka thelathini.

Wiki za mwanzo: kwa nini kuona kunabadilikabadilika

Siku mbili tatu za kwanza jicho huwasha, hutoa machozi na huhisi kama lina mchanga. Mwanga unaumiza kidogo. Hali hiyo inatakiwa ipungue kila siku, isiongezeke.

Kuona ni jambo jingine, na hakufuati mstari ulionyooka. Konea inavimba kidogo baada ya upasuaji, kisha inajipanga upya taratibu kuzizunguka pete. Hata konea yenye afya huvimba kidogo usiku kope zikiwa zimefungwa, kwa hiyo yako inaweza kuona tofauti saa moja asubuhi na saa tano. Jioni jicho hukauka, hasa ukiwa umetazama simu au kompyuta muda mrefu bila kupepesa, na ukungu unarudi. Matone ya kulainisha jicho husaidia hapo, lakini tumia yale uliyoandikiwa.

Kwa wengi hali hutulia kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, na kwa wengine huchukua hadi miezi sita. Ndiyo maana hospitali nyingi hazikupimi miwani ya kudumu mapema. Miwani ya wiki ya pili itakuwa haifai kufikia mwezi wa tatu, na fedha imekwenda. Kama kazi au shule haiwezi kusubiri, mwombe mtaalamu wa kupima macho akupe miwani ya muda ya bei nafuu, mkiwa mmekubaliana kwamba itabadilishwa.

Ukitaka kufuatilia maendeleo yako, usijipime kila saa. Chagua kitu kimoja, kwa mfano kalenda ukutani. Simama umbali uleule, saa ileile, mara moja kwa wiki, na utazame kwa jicho moja moja ukiwa umefunika lingine bila kulikandamiza. Andika mstari mdogo kabisa ulioweza kuusoma, ukaonyeshe kliniki.

Usiku na taa

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Mchana mboni huwa ndogo na mwanga hupita katikati, mbali na pete. Giza likiingia mboni hupanuka, na mwanga unaanza kugusa kingo za pete na kutawanyika. Utaona duara kuzunguka taa, kama lile linaloonekana kuzunguka mwezi usiku wa mawingu mepesi, au miale inayotoka kwenye taa ya pikipiki inayokuja mbele yako. Wenye mboni zinazopanuka sana husumbuliwa zaidi, na hao mara nyingi ni vijana.

Kwa wengi huwa hafifu kadiri miezi inavyopita, kwa sehemu kwa sababu ubongo unajifunza kuipuuza. Kwa wengine kiasi fulani hubaki. Kama wewe ni dereva wa bodaboda, daladala au lori, sitakupamba maneno: usiendeshe usiku mpaka daktari apime macho yako na akuruhusu, na wewe mwenyewe uwe umejaribu kutembea kwa miguu barabarani usiku na kuona unamtambua mtu aliyevaa nguo nyeusi. Panga zamu za mchana na mwenye chombo kabla ya upasuaji ikiwezekana, kwa sababu baada ya hapo mazungumzo huwa magumu zaidi. Usivae miwani ya giza usiku ili kupunguza miale. Inapunguza mwanga unaouhitaji na inapanua mboni zaidi.

Nyumbani, epuka kukaa chumba chenye giza ukitazama skrini yenye mwanga mkali. Washa taa nyingine nyuma yako au pembeni. Kwa kusoma, mwanga uje juu ya bega, usitazamane na dirisha.

Jicho moja limebadilika, la pili bado

Mara nyingi jicho moja hutangulia. Kwa kipindi hicho macho yako mawili yanaupelekea ubongo picha zisizofanana, na kupima umbali kunakuwa kugumu. Utamwaga chai pembeni ya kikombe. Utakosea ngazi ya mwisho. Utashindwa kupitisha uzi kwenye sindano uliyoizoea miaka kumi. Wengine hupata kichwa kuuma au kizunguzungu.

Gusisha mdomo wa chupa ya chai kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Shika ukingo wa ngazi. Bandika utepe wa rangi kali kwenye ngazi za nyumbani kama zinafanana rangi na sakafu. Ukikata mboga, punguza kasi. Mwanafunzi akae mbele, katikati, na mwalimu aambiwe sababu, ili kunakili polepole kusionekane uvivu. Kwenye simu kuna mpangilio wa kukuza maandishi. Utumie bila aibu.

Usilifunge jicho jipya kwa kitambaa ili “lipumzike” wakati wa mchana isipokuwa umeelekezwa. Linahitaji kutumika ili ubongo ulizoee. Usiku, kinyume chake, vaa kinga ya plastiki uliyopewa kwa muda wote ulioambiwa, kwa sababu ukiwa usingizini mkono hauna adabu.

Usifikiche

Kama utakumbuka jambo moja kwenye ukurasa huu, liwe hili. Kufikicha macho kunahusishwa na keratokonasi tangu mwanzo wake, na baada ya upasuaji kunaweza kusogeza pete au kufungua kidonda kilipoingilia. Wagonjwa wengi wa keratokonasi wana mzio wa macho unaowasha kweli, hasa nyakati za vumbi na maua, kwa hiyo kumwambia mtu “acha tu” hakutoshi. Mwasho unahitaji dawa. Mwambie daktari kuhusu mwasho hata kama unauona ni wa kawaida tangu utotoni, akuandikie dawa ya mzio ya kutumia kwa muda mrefu. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi, ukikiweka juu ya kope zilizofungwa bila kukandamiza, hutuliza pia.

Usinunue matone yenye steroidi dukani kwa sababu yalikusaidia mara ya kwanza. Huondoa mwasho haraka, na ndiyo hatari yake. Yakitumika bila uangalizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, taratibu, bila maumivu ya kukuonya. Matone uliyoandikiwa baada ya upasuaji yatumie kwa idadi na siku ulizoambiwa, kisha yaache.

Dawa za mitishamba, asali, maziwa ya mama na wanja visiingie kwenye jicho hili. Kidonda cha konea ni mlango wa vijidudu. Wiki ya kwanza usirushie maji usoni, pangusa uso kwa kitambaa kilicholowa huku jicho likiwa limefungwa. Kwa anayetawadha, dini ina ruhusa kwa mgonjwa, zungumza na imamu wako. Kuogelea baharini, ziwani au kwenye bwawa kusubiri mpaka daktari aseme. Wanaofanya kazi kwenye vumbi, mashine ya kusaga au kuchomelea wavae miwani ya kinga hata baada ya kupona.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona haya

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Jicho kuwa jekundu zaidi kuliko jana. Usaha, au doa jeupe kwenye sehemu angavu ya jicho. Kuona kushuka ghafla. Mwanga kuanza kuumiza tena baada ya kuwa umetulia. Kuhisi kitu kikali kinachochoma kope kila unapopepesa, hata kama ni miezi au miaka baada ya upasuaji, kwa sababu pete inaweza kusogea na kutokeza nje. Usijaribu kuigusa wala kuivuta. Usipitie duka la dawa kwanza. Kama hospitali uliyofanyiwa iko mbali, nenda kituo cha karibu chenye huduma ya macho na useme wazi, “Nina pete kwenye konea.”

Tofauti na hayo, baadhi ya watu wakijitazama kwenye kioo mwanga ukitoka pembeni huona mstari wa pete, au vijitone vyeupe vidogo kandokando yake. Vijitone hivyo kwa kawaida havina madhara. Vitaje kwenye kliniki, lakini visikunyime usingizi.

Kama baada ya miezi sita bado huridhiki

Rudi. Pete zinaweza kubadilishwa kwa za ukubwa mwingine, kusogezwa au kutolewa, na zikitolewa konea kwa kawaida hurudi karibu na umbo iliyokuwa nalo. Wengi hupata nafuu kubwa kwa lenzi ngumu za kuvaa jichoni, zikiwemo zile pana zinazokaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho bila kugusa konea. Zinahitaji usafi na uvumilivu wa kujifunza kuzivaa, na bei yake si ndogo, kwa hiyo uliza kuhusu gharama na bima kabla ya kuanza. Kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki hubaki kuwa njia ya mwisho, na kuwa na pete hakuifungi njia hiyo.

Tunza kadi au karatasi inayoonyesha aina ya pete, unene wake, jicho lililowekewa na tarehe. Ipige picha uihifadhi kwenye simu, na nakala ampe mtu wa nyumbani. Siku ukipelekwa kliniki, nenda na wadogo zako au watoto wako wanaofikicha macho sana au wanaobadilisha miwani kila mwaka. Keratokonasi huweza kuwamo katika familia, na ikikutwa mapema konea inaweza kukazwa kabla haijachongoka.